Maldivi, Jirani Yetu wa Ng'ambo: Namna ya Kuipanga Safari ya Mbizi

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alilala usiku mmoja Mombasa akiwa njiani kuelekea Kilwa. Aliwasifu watu wake kwa uchaji Mungu, na misikiti yao kwa ustadi wa mbao zake. Miaka kumi na miwili baadaye alishuka upande wa pili wa bahari hii hii, katika visiwa vya Maldivi, akakaa huko miezi kadhaa na kupewa kazi ya ukadhi. Alimkuta mwanamke, Khadija, ameketi juu ya kiti cha enzi, na jina lake likitajwa katika hutuba ya Ijumaa. Aliwakuta watu walao samaki na nazi, wasokotao kamba za usumba za kushonea vyombo vyao, na wafanyao biashara ya kauri. Msomaji wa Lamu au wa Vanga akizisikia habari hizo ataona kama anasimuliwa mambo ya jirani.

Leo visiwa hivyo vinajulikana duniani kwa jambo jingine: uzuri ulio chini ya maji yake. Watu hutoka kila pembe ya ulimwengu wakavaa mitungi ya hewa na kuzama kutazama matumbawe, kasa na papa. Katika picha za matangazo ya safari hizo ni nadra kumwona mama aliyevaa hijabu, na kwa hiyo familia nyingi za kwetu huamua kwamba jambo hilo haliwahusu. Makala haya yana maoni mengine. Safari ya mbizi inawezekana kwa familia ya Kiislamu, mama na binti wakiwemo, bila kupunguza sitara wala swala. Sharti lake ni kwamba ipangwe mapema, na kwamba nusu ya maandalizi ifanyike hapa nyumbani kabla ya tiketi kukatwa.

Tuanze na nchi yenyewe. Maldivi ni visiwa karibu 1,200 vilivyotandazwa kutoka kaskazini hadi kusini ya ikweta, kwa masafa ya kilomita zaidi ya 800. Visiwa karibu 200 tu ndivyo vyenye wakazi. Vimejipanga katika mafungu yanayoitwa atoli, yaani pete za miamba ya matumbawe zinazozingira maji yaliyotulia. Neno hilo dunia nzima imelichukua kutoka lugha ya wenyeji, Kidhivehi, ambayo huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu. Hakuna mlima wala kilima. Sehemu kubwa ya ardhi haizidi mita mbili juu ya bahari. Wananchi wake ni Waislamu tangu karne ya 12, na kama watu wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi'i.

Uamuzi wa kwanza katika kupanga ni kuchagua aina ya kisiwa, na uamuzi huo ndio utakaoamua mengine yote. Kuna visiwa vya hoteli, ambako kisiwa kizima ni hoteli moja. Utalii wa namna hiyo ulianza mwaka 1972. Humo pombe inaruhusiwa, mavazi ni ya kila aina, na gharama zake ni kubwa. Kisha kuna visiwa vya wenyeji, ambavyo tangu mwaka 2009 vimefunguliwa kwa nyumba ndogo za wageni. Humo pombe ni marufuku, chakula ni halali, adhana inasikika, na maduka hufungwa kwa muda wakati wa swala. Wageni wasio Waislamu hutengewa sehemu maalumu ya ufuo kwa ajili ya kuogelea na mavazi yao, ili mitaa na fuo nyingine zibaki katika heshima ya wenyeji. Kwa familia ya kwetu, kisiwa cha wenyeji kina nafuu ya mfuko na utulivu wa moyo kwa pamoja. Mama anayepita njiani na buibui lake hatakuwa kioja kwa mtu yeyote.

Uamuzi wa pili ni msimu. Hapa mtu wa pwani ana elimu ambayo wageni wengine huisoma vitabuni, kwani Maldivi huishi kwa pepo zile zile zilizowaleta mababu zetu na majahazi. Kaskazi, ambayo wao huiita iruvai, huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Aprili. Ndiyo miezi ya anga safi, mawimbi madogo na maji maangavu; kwa anayejifunza mara ya kwanza, hiyo ndiyo nyakati bora. Kusi, au hulhangu kwao, huanza mwezi wa Mei hadi Novemba. Mvua huongezeka na bahari huchafuka, lakini mikondo hukusanya vijidudu vidogo vya majini ambavyo ni chakula cha samaki wakubwa. Bei za vyumba nazo hushuka. Joto la maji mwaka mzima halitofautiani sana; huwa kati ya nyuzi 27 na 30.

Ukishajua msimu, tazama ni nini familia yako inataka kuona. Anayetaka kukaa karibu na uwanja wa ndege atakwenda Maafushi, katika Atoli ya Kaafu, ambako nyumba za wageni ni nyingi na mashua huchukua muda mfupi kutoka mji mkuu, Malé. Anayetamani kumwona papa shilingi, yule samaki mkubwa kuliko wote, asiye na madhara, ambaye wavuvi wetu walimpa jina kwa sababu ya madoa yake yaliyo kama sarafu, ataelekea kusini ya Atoli ya Ari, katika kisiwa kama Dhigurah. Huko huonekana mwaka mzima, na eneo hilo limehifadhiwa tangu mwaka 2009. Anayewataka taa wakubwa, wale wenye mabawa mapana, atakwenda Atoli ya Baa wakati wa kusi. Katika ghuba ya Hanifaru taa hao hukusanyika kwa makumi kula. Ghuba hiyo hairuhusu mitungi ya hewa kabisa. Watu huelea juu na miwani na mrija tu, kwa muda uliopangwa, wakiwa pamoja na kiongozi. Hilo ni jambo jema kwa familia yenye mtu asiyetaka kuzama, kwa kuwa ataona yale yale aliyoyaona mzamiaji.

Sasa tuzungumze juu ya mbizi yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari na hapo ndipo maandalizi yanapookoa maisha. Mtungi wa mgongoni hubeba hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Kila unaposhuka mita kumi, uzito wa maji juu ya mwili huongezeka kwa kiasi kilicho sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu nchi kavu. Ndiyo maana masikio huuma, na mzamiaji hufundishwa kubana pua na kupuliza taratibu ili kuyasawazisha, mapema na mara kwa mara. Ndiyo maana pia kanuni ya kwanza ya mbizi ni kwamba usizuie pumzi hata mara moja. Hewa iliyo mapafuni hutanuka unapopanda, na ikizuiliwa inaweza kuyapasua. Vilevile sehemu ya hewa iitwayo naitrojeni huingia katika damu kwa kadiri ya kina na muda. Ukipanda kwa pupa hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na huleta ugonjwa unaoweza kulemaza au kuua.

Elimu hii hutolewa katika somo la mwanzo linalochukua kwa kawaida siku tatu au nne. Kuna sehemu ya nadharia, sehemu ya mazoezi katika maji yaliyotulia, na mbizi nne baharini. Mwanafunzi hutakiwa aweze kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea kwa dakika kumi. Anayefaulu hupewa cheti kinachotambuliwa duniani, kinachomruhusu kuzama hadi mita 18 pamoja na mwenzake. Watoto huruhusiwa kuanzia umri wa miaka 10, wakiwa na mipaka mifupi zaidi na chini ya uangalizi. Sheria ya Maldivi haimruhusu mzamiaji wa matembezi yeyote kupita mita 30. Kituo chochote kinachokwambia kwamba cheti si lazima, au kwamba kina si neno, kikimbie.

Hapa ndipo tunaporudi nyumbani. Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wa mabinti zetu, waliozaliwa mahali ambapo mawimbi husikika kitandani, hawajui kuogelea. Kaka zao walijifunza kwa kujirusha kutoka gatini. Wao waliambiwa wakae kivulini na kushika viatu. Sitara haikutaka hivyo. Ilitaka mahali, wakati na mwalimu wa kike, na sisi wazazi hatukuvitafuta. Kwa hiyo ratiba ya safari ya Maldivi ianze miezi sita au zaidi kabla, kwa masomo ya kuogelea. Yapo mabwawa yanayokubali kutenga saa za wanawake pekee. Wakijiunga akina mama kumi na wakalipa pamoja, jambo huwa jepesi. Hata kama safari haitatimia, binti aliyejua kuogelea amepata kinga ya maisha yake yote, na siku mashua itakapopinduka ataweza kujiokoa, pengine na kumwokoa mwingine.

Baada ya bwawa, twende katika bahari yetu. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo barani Afrika. Kule kusini kuna Kisite na Mpunguti, mkabala na Wasini, kisiwa ambacho akina mama wake wana ujia wa mbao unaopita juu ya bustani ya matumbawe na katikati ya mikoko. Siku moja ya kuelea hapo na miwani na mrija itakuonyesha iwapo mtoto wako anaogopa, iwapo miwani inamkaa sawa usoni, na iwapo wewe mwenyewe unapumua kwa utulivu. Maswali hayo ni afadhali yajibiwe Shimoni kuliko kujibiwa baada ya safari ya ndege mbili.

Daktari naye aonwe mapema. Fomu ya afya hutolewa kabla ya somo lolote, na majibu ya uongo ndani yake ni kujidhulumu nafsi. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, au matatizo sugu ya masikio ahitaji ushauri wa daktari kabla ya kulipa chochote. Mwenye mimba asizame kabisa na mtungi, kwani usalama wa mtoto tumboni haujulikani; aelee juu na afurahi na wenzake. Mwenye mafua asubiri, maana masikio yaliyoziba hayasawaziki. Na kila mmoja anywe maji ya kutosha. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Ramadhani si wakati wa kupanga mbizi. Kufunga na kuzama ni vitu viwili vinavyodai maji ya mwili kwa wakati mmoja, na mwezi huo una ibada zake.

Kuhusu mavazi, wasiwasi ni mkubwa kuliko tatizo lenyewe. Mzamiaji huvaa suti ya mpira inayofunika kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo, na juu yake jaketi la kuelea linalofunika kifua na mgongo. Kwa kuwa suti hiyo hubana, dada zetu wengi huvaa juu yake vazi la kuogelea la stara lenye mikono mirefu na kitambaa kinachofika mapajani, na kichwani kofia ya mpira ya wazamiaji, inayoziba nywele na shingo. Mambo mawili tu yaangaliwe. Kwanza, nguo isiwe na nafasi ya kupepea wala ncha za kunasa katika vifaa, na pini ziachwe chumbani. Pili, nywele au kitambaa kisiingie chini ya ukingo wa miwani, kwa kuwa maji yatapenya. Vaa mavazi hayo bwawani hapa nyumbani mpaka uyazoee.

Wakati wa kuandikiana na kituo cha mbizi, uliza waziwazi. Je, kuna mwalimu wa kike? Je, familia yetu inaweza kupewa mashua au kundi lake peke yake? Mbizi za asubuhi huondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi? Je, bei mliyonipa ina vifaa, mashua, cheti na kodi ndani yake, au vitahesabiwa baadaye? Chumba cha tiba ya shinikizo kilicho karibu kipo kisiwa gani? Majibu yao, na adabu ya majibu yao, yatakuonyesha mengi. Kituo cha Waislamu kwa Waislamu hakitashangaa kuulizwa habari za swala. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa mbili, na mbizi za kawaida ni mbili za asubuhi, kwa hiyo adhuhuri mtu hukutwa nchi kavu. Mkimaliza ya alasiri mapema, magharibi itawakuta msikitini. Ijumaa iachwe iwe ya mapumziko; hata mashua za umma kwa kawaida hazisafiri siku hiyo. Ruhusa za msafiri katika swala muulizeni sheikh wenu kabla ya kuondoka.

Fedha ndizo hukwamisha safari, na pengine ni heri zikwamishe pale inapostahili. Mwenye uwezo wa Hija na hajaitekeleza, haki hiyo imetangulia. Mwenye deni alipe deni. Na safari ya starehe isifanywe kwa mkopo wa riba. Lakini yapo makundi ya akina mama yanayochangishana kwa miaka kununua vyombo vya harusi ambavyo havitoki kabatini. Chama kama hicho kinaweza kuweka akiba ya miaka miwili na kupeleka mama na mabinti zao. Gawa bajeti katika mafungu: ndege, ambazo kwa watu wa kwetu mara nyingi hupitia miji ya Ghuba kama Dubai au Doha; mashua ya kwenda kisiwani na kurudi; chumba pamoja na kodi ya kijani inayotozwa kila mgeni kwa kila siku; somo la mbizi; bima inayotaja mbizi kwa jina; na akiba ya dharura isiyoguswa.

Nyaraka si nyingi. Maldivi humpa mgeni wa karibu kila nchi ruhusa ya siku 30 anapowasili, bila malipo, akiwa na pasipoti inayofaa, tiketi ya kurudi na mahali pa kukaa. Fomu ya wasafiri hujazwa kwa intaneti, bure, ndani ya saa 96 kabla ya safari. Mtu anayetoka Kenya atahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo ichomwe siku kumi au zaidi kabla. Kumbuka pia kwamba ndege zinazotua majini husafiri mchana tu. Anayefika usiku atalala karibu na uwanja, na gharama hiyo iwemo katika hesabu.

Mpango wa juma moja unaweza kuwa hivi. Siku ya kwanza ni ya kufika na kulala. Siku ya pili hadi ya nne ni somo. Siku ya tano ni ya kumtafuta papa shilingi au kuzama katika thila, vilima vya chini ya maji vilivyojaa samaki. Siku ya sita asubuhi ni mbizi ya mwisho. Siku ya saba hakuna kuzama. Naitrojeni huhitaji muda wa kutoka mwilini, na shinikizo la hewa ndani ya ndege ni dogo. Baada ya mbizi kadhaa, mtu akae nchi kavu saa 18 au zaidi, na wengi hushauri 24. Ndege ndogo za majini nazo ni ndege, zisisahauliwe katika hesabu hiyo.

Siku hiyo ya saba haitapotea. Ipeleke familia Malé, katika Hukuru Miskiy, Msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1658 kwa mawe ya matumbawe. Mafundi waliyakata mawe hayo baharini yakiwa laini, wakayachonga na kuyafungamanisha. Mtu aliyewahi kuona mihirabu ya matumbawe ya pwani yetu hataweza kupita hapo bila kusimama. Yale maumbo aliyoyaona hai chini ya maji asubuhi ya jana, hapa yameandikwa aya.

Na hapo ndipo swali zito la safari hii. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe yakafa kwa wingi Maldivi na hapa kwetu pia. Mwaka 2016 yalipauka tena huko. Nchi ambayo sehemu yake kubwa haizidi mita mbili juu ya bahari hukingwa na miamba hiyo. Ikifa miamba, mawimbi hayana wa kuyazuia. Wenyeji wamefanya wanaloweza: walipiga marufuku uvuvi wa papa mwaka 2010, huvua jodari mmoja mmoja kwa ufito na ndoana, na hukataza mgeni kuondoka na tumbawe au gamba la kasa. Mzamiaji naye asiguse, asisimame juu ya tumbawe, asilishe samaki. Tumbawe lililovunjwa na unyayo mmoja huenda likahitaji miaka mingi kurudi.

Mama aliyeiona bahari kutoka ndani hataitazama tena kama jaa. Akirudi Mtwapa au Faza, na akamwona jirani akimwaga mifuko ya plastiki ufuoni, atakuwa na la kusema, na watoto wake watakuwa mashahidi. Safari itakayozaa hayo imelipa gharama zake. Basi anayeinuia na aanze juma hili, kwa kumtafutia binti yake mwalimu wa kuogelea. Mwenyezi Mungu atujaalie safari za heri, na atuwezeshe kuitunza amana ya bahari aliyotukabidhi.